Mila haikai vitini peke yake

Mwaka wa tatu wa chuo nilipangiwa fildi katika ofisi ya ustawi wa jamii ya kata moja huko Temeke, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba faili. Afisa aliyenisimamia alikuwa mtu mzima, mpole, mzaliwa wa pwani, anayejua kuingia nyumba ya watu na kutoka bila kumkwaza mtu. Siku hiyo tulikwenda kwenye kikao cha ukoo. Arobaini ya marehemu ilikuwa imepita wiki moja tu. Aliacha mjane, watoto wanne na nyumba ya vyumba sita, vitatu vina wapangaji. Ndugu zake walitaka nyumba iuzwe, kila mtu apate chake.

Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa uani, karibu na jiko. Afisa alipewa kiti pembeni ya baba mkubwa, mimi nikaonyeshwa mkeka, faili mapajani. Mjane hakuonekana. Alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kwa kuwa alikuwa bado katika eda, siku za mjane kutulia ndani.

Kikao kilichukua kama saa moja na nusu. Wazee walizungumza kwa utaratibu na heshima, na kila aliyesimama alianza na "kwa mila yetu". Mwishoni afisa aligeukia dirishani akapaza sauti: "Mama, una la kuongeza?" Sauti ikajibu kutoka ndani: "Sina, baba. Waliyosema wazee ndiyo hayo hayo." Afisa akanyoosha mkono nimpe faili, akaandika: *Mjane ameridhia*.

Wakati viti vikisema hayo, mikeka nayo ilikuwa na kikao chake, cha chini kwa chini. Dada wa marehemu, wifi mtu kabisa, alimnong'oneza mwenzake: "Nyumba hii kaijenga mke kwa sufuria. Kaka alikuwa anaweka jina." Mjane huyo alikuwa mama ntilie kwa miaka mingi. Na bibi mmoja wa Kizaramo, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo kana kwamba hasikilizi, akasema bila kuinua uso: "Siku hizi ukoo unakaa kikao mjomba hajaitwa. Basi mila ipi hiyo?"

Hakuna lolote kati ya hayo lililoandikwa.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu watu wengi, wakiwamo maafisa wenyewe, huamini kwamba ustawi wa jamii uliosimama juu ya mila na ustawi wa jamii wenye jicho la kijinsia ni vitu viwili vinavyovutana. Mmoja ni wa wazee, mwingine ni wa semina hotelini. Ukiheshimu mila, unaambiwa uyaache kidogo mambo ya jinsia. Ukiingiza jinsia, unaonekana umekuja kuvunja nyumba za watu. Kikao kile kilinionyesha kinyume chake. Afisa wangu aliijua mila nusu, ile nusu inayokaa vitini.

Tuanze na maneno, maana yanachanganya. Kwa Kiswahili cha ofisini siku hizi, *jinsi* ni ile hali ya kuzaliwa mwanamume au mwanamke, na *jinsia* ni yale ambayo jamii imeyajenga juu yake: nani apike, nani arithi, nani aseme kwanza, nani alie hadharani. Mitaani tofauti hiyo haipo. Jinsia ni "mambo ya akina mama", na usawa ni utani wa kwenye daladala: mama amesimama na mtoto mgongoni, kijana aliyekaa anachekesha wenzake, "si mlitaka hamsini kwa hamsini?" Kwa hiyo afisa anayesema amekuja na "mtazamo wa kijinsia" ameshapoteza nusu ya baraza kabla hajakaa. Mimi silitumii neno hilo barazani. Naangalia tu nani amekaa wapi na nani hajaulizwa.

Upande wa pili wa mada, ule wa mila, nao una historia yake. Taaluma ya ustawi wa jamii ililetwa na Waingereza, na Ukumbi wa Anatouglo pale Mnazi Mmoja, uliojengwa kuwa kituo cha jamii, ni mabaki ya zama hizo. Baada ya uhuru, Sheria Namba 26 ya mwaka 1973 ilianzisha chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Sehemu kubwa ya tulichosoma vyuoni ilitoka kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani, ambako mteja ni mtu mmoja, anakuja peke yake, anakaa mbele ya meza na kueleza shida yake. Dar es Salaam mteja anakuja na shangazi. Akija peke yake, ujue shangazi kakataa kuja, na hiyo tayari ni taarifa. Mwaka 2014, vyama vya kimataifa vya taaluma hii vilipokubaliana Melbourne kuhusu maana mpya ya kazi ya ustawi wa jamii, viliutaja ujuzi wa wenyeji kuwa moja ya misingi yake. Sisi tulikuwa tunaishi hivyo siku zote, ila tulikuwa hatuuandiki kwenye ripoti.

Ujuzi huo wa wenyeji, kwa jiji hili lenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, si kitu cha kimapambo. Afisa mmoja hawezi kuzunguka kata nzima. Shida ikizuka, watu hawaanzii ofisini kwake. Wanaanzia kwa somo, yule mama anayemfunda mwali, kwa mjumbe, kwa shehe au mchungaji, kwa mwenye nyumba kama wamepanga, ndipo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hata sheria imeyakubali mabaraza ya namna hiyo: chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi mahakamani mpaka baraza la usuluhishi wa ndoa lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo linaweza kuwa la kata, la BAKWATA, yaani baraza kuu la Waislamu, la kanisa, au la ustawi wa jamii wenyewe.

Sasa itazame orodha hiyo tena. Mjumbe, shehe, mchungaji, mwenye nyumba, mwenyekiti. Kwa sehemu kubwa ni wanaume. Somo peke yake ndiye mwanamke, na yeye hana muhuri.

Hapo ndipo shida inapozaliwa, na si kwa sababu wanaume hao ni wabaya. Wengi wao ni watu wa haki. Ila kila mlango wa mila una mwenye ufunguo wake, na mlango wa wanaume haufungui chumba cha wanawake. TANU, chama kilichopigania uhuru, ililijua hili mapema kuliko sisi wenye shahada. Mwaka 1955 chama kilipotaka wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, hakwenda kuwatafuta kwenye mabaraza. Alipitia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na wanawake wakaja kwa maelfu. Miaka kumi baadaye mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alihamia Bunju, wakati huo kijiji cha pwani na leo sehemu ya jiji, akaishi na Wazaramo kwa miaka kadhaa. Aliyoyajua kuhusu mwali, unyago na tiba aliyajua kwa kukaa walipokaa wanawake. Angebaki kwa wazee wa kiume angepata Wazaramo wengine kabisa.

Nirudi nyuma ya pazia. Afisa wangu alisikia "sina" akaandika "ameridhia". Lakini eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi, na kikao kilifanyika mwezi mmoja na ushee tu baada ya maziko. Kwa mila hiyo hiyo waliyokuwa wakiitaja kila walipofungua mdomo, huyo mama alikuwa ametulizwa ndani. Asingeweza kubishana na mashemeji zake kupitia dirishani, mbele ya wanaume thelathini, bila kuonekana amekosa adabu kwa marehemu. Ukimya wake ulikuwa ni kutii mila, na afisa akauhesabu kuwa kura ya kuuza nyumba. Asiyejua jinsi eda inavyomfunga mwanamke mdomo hajaijua eda, hata kama anajua hesabu ya siku zake.

Halafu kuna mirathi yenyewe. Ndugu walisema "kidini mke ni thumni", na ni kweli: mjane mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane. Lakini dini hiyo hiyo inasema kwanza toa deni la marehemu, na kwanza kabisa toa kisichokuwa chake. Mali ya mke ni ya mke. Haigeuki urithi kwa sababu hati ina jina la mume. Mahari ambayo haikulipwa nayo ni deni. Je, kuna aliyeuliza mahari ililipwa yote? Kuna aliyeuliza tofali zilinunuliwa kwa hela ya nani? Wala huhitaji semina yoyote kuyauliza hayo. Shehe wa mtaa angeyaelewa kabla hujamaliza sentensi.

Mahakama nayo ilishapita njia hiyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hilo lilikuwa shauri la talaka, si la mirathi, lakini wazo lake limezagaa: jasho la jikoni lina hesabu. Na kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, na kuolewa na amtakaye au asiolewe, hata kama mila inasema vingine. Bado zipo kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, ambazo mjane zinamweka nyuma kabisa katika urithi, na ambazo mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilisema zinakiuka wajibu wa Tanzania. Ukizisoma utaona kitu cha kuchekesha kwa mtu wa pwani: zimeandikwa kwa makabila yanayohesabu ukoo kwa baba. Wazaramo, Waluguru na Wakwere, kwa asili yao, huhesabu kwa mama. Ndiyo maana bibi wa ungo aliuliza mjomba yuko wapi. Neno "mila" lilipoingia kwenye makaratasi, liliingia na jinsia yake, na wenye mila nyingine wakaachwa nje.

Kuna neno moja ambalo mtu akilielewa ameelewa nusu ya kazi hii katika jiji hili. Ni *stara*.

Stara ni kitu kizuri. Jirani akiona shida yako asiitangaze, kakusitiri. Maiti inasitiriwa, mwali anasitiriwa, umaskini unasitiriwa kwa kanga safi. Mwanamke akija ofisini kwetu kuhusu kipigo, kwa nadra sana atasema kipigo. Atasema amekuja kuhusu matunzo ya mtoto. Ukimsikiliza mbele ya benchi la watu sita wanaosubiri, ataongea habari ya ada ya shule na kuondoka. Ukimpeleka pembeni, ukafunga mlango, ukamuuliza habari za nyumbani bila haraka, mtandio utashuka bega moja na utaona mwenyewe. Chumba chenye mlango ni stara. Ofisi nyingi hazina.

Lakini stara ina sura ya pili. "Funika kombe mwanaharamu apite" husemwa na watu wenye busara kabisa pale ambapo aliyefunikwa ni mkosaji. Somo humfunda mwali kwamba ya chumbani hayatoki sebuleni. Ni funzo lenye maana, linalinda ndoa changa na umbea wa mtaa mzima, na siku mume anapoanza kupiga ngumi, funzo lile lile linakuwa kufuli. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya walizotajiwa: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga na kadhalika. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Nilipoziona tarakimu hizo mara ya kwanza nilidhani zimegeuzwa kwa makosa. Hazikugeuzwa. Sheria ya Ndoa imemkataza mtu kumpiga mwenzi wake tangu 1971, kifungu cha 66, lakini aliyefundishwa kustahimili ni mwanamke, na alifundishwa na mwanamke aliyempenda.

Kwa hiyo kumweka afisa wa kike hakutoshi, na kusema "tuwaulize wanawake" hakutoshi. Mkeka nao una wakubwa na wadogo. Mama mkwe hasemi kama mkwe, na dada wa kazi, ambaye huenda ndiye aliyeona kila kitu, hata mkekani hakai. Yuko jikoni anaosha vyombo.

Nimewahi kusikia wenzangu wakisema dawa ni kupiga marufuku unyago. Sikubaliani nao. Ukiupiga marufuku utahamia chumba cha ndani zaidi, na wewe hutaitwa. Makungwi niliokaa nao ni wanawake wenye akili na wenye mzaha mkali, na wanajua habari za nyumba arobaini ambazo sisi hatutazipata kwenye fomu. Mmoja tulikaa naye mchana mzima tukibishana juu ya hiyo "ya chumbani". Mwisho alisema yeye tangu zamani humwambia mwali wake: siri ya mumeo ni maneno, si jeraha, jeraha niletee mimi. Hakuyatoa kwetu maneno hayo. Yalikuwa yake, ila hakuna ofisa aliyewahi kumuuliza.

Zipo pia siri ambazo hazina baraza. Mtoto akibakwa, familia mbili huitana, pesa inapita, watu wanaambiwa "tumemalizana nyumbani". Shauri hilo halina usuluhishi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30, na mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na hospitali. Hapa afisa haheshimu mila kwa kukaa na wazee. Akikaa nao amekuwa mmoja wa waliofunika kombe. Na wazee wenyewe, ukiwaita kando mmoja mmoja, wengi watakwambia hawakuipenda ile pesa.

Na wanaume? Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, tukidhani jicho la kijinsia ni jicho la kuwatazama wanawake tu. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara za jiji, tulipata wimbi la kesi za "baba katelekeza familia". Baadhi walikuwa wametelekeza kweli. Wengine walikuwa wanalala kwa rafiki kwa sababu hawakujua kuingia nyumbani mikono mitupu kunafananaje. Mtaani mwanamume asiye na kitu anaitwa majina, na mwanamume anayepigwa na mkewe anaambiwa kakaliwa. Huyo haji ofisini kusema. Anakuja "kuuliza utaratibu", tena kwa niaba ya rafiki yake. Ukimwandikia wito wa matunzo bila kumuuliza analala wapi, umepata faili safi na baba aliyepotea moja kwa moja.

Kwa watu hao nimeona mtani akifanya kazi ambayo afisa haiwezi. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo mbele ya watu, kwa kicheko, jambo ambalo likitoka kwa mwingine ni matusi. Tulimtumia mzee mmoja wa namna hiyo kumrudisha baba fulani nyumbani. Alimwendea kijiweni akamwambia amesikia amekufa, amekuja kudai ubani. Yule bwana alicheka mpaka akalia, na tulikuwa hatujatoa hata wito.

Tangu 2017 kumekuwa na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioagiza kamati za ulinzi mpaka ngazi ya mtaa. Kwenye karatasi kamati hizo zina sura zote zinazotakiwa. Kwenye vikao nilivyohudhuria, suala lilibaki lile lile la nani anakaa wapi, na nani anatumwa soda.

Kuhusu ile nyumba. Nilimweleza afisa niliyoyasikia mkekani tukiwa kwenye bajaji, nikitegemea atanikemea. Alinyamaza mpaka tulipofika ofisini, kisha akafungua faili na kulikata neno "ameridhia" kwa rula. Muhtasari haukupelekwa mahakamani. Alisubiri eda iishe, akaomba kikao kirudiwe, na mjomba akaitwa, mzee mfupi kutoka Kisarawe aliyekuja na mwavuli ingawa jua lilikuwa kali. Safari hii afisa alikataa kiti. Aliomba kipande cha mkeka, akavua viatu, akakaa karibu na bibi wa ungo, na wanaume wawili watatu wakaona haya kubaki juu, wakashuka.

Hakuuliza tena kama mama ana la kuongeza. Alimuuliza tofali za msingi zilinunuliwa mwaka gani. Mjane akataja mwaka. Akataja na bei, mia nne na hamsini tofali moja. Wifi yake akadakia kuwa si kweli, zilikuwa mia tano, yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa mchezo wao wa kupeana pesa kwa zamu, na pesa ilihesabiwa kitandani kwake. Mwanamke wa tatu akasema mia tano ni pamoja na gari. Wakabishana hapo kwa dakika kumi nzima, baba mkubwa akigeuza shingo huku na huku, na afisa akaninyooshea mkono nimpe karatasi nyingine.